Karanga za Nachingwea: Somo la Historia kwa Watu Wanaoketi Katika Kamati

  Leo tuna somo la historia. Kabla hatujaanza, tunamwomba mwalimu aandike ubaoni maneno manne: kamati, uamuzi, shaka, majaribio. Kila mmoja ayaandike katika daftari lake, maana tutakutana nayo mara nyingi.

Wengi wenu mmo katika kamati. Huyu yumo katika halmashauri ya kijiji, yule katika kamati ya shule, mwingine katika kamati ya maji, mwingine katika bodi ya chama cha ushirika cha korosho. Pengine mnakaa watu saba chini ya mwembe, mnaamua jambo moja, nalo linagusa watu elfu mbili. Hiyo nayo ni serikali. Hata katika miji mikuu ya dunia, mambo makubwa huamuliwa hivyo hivyo, na watu wachache walioizunguka meza. Kwa hiyo si vibaya tukijifunza jinsi watu wachache walivyowahi kuamua vibaya, na jinsi wengine walivyojirekebisha.

Twende Mtwara. Ukifika mjini Mtwara utaona barabara pana na majengo ya zamani yaliyoachana mbalimbali. Ni kama shati la mtoto lililoshonwa kubwa kwa kutumaini kwamba atakua. Mikindani, iliyo jirani, ni mji wa kale wa majahazi na biashara. Lakini Mtwara hii ilipangwa na kujengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bandari yake ya maji marefu ilifunguliwa mwaka 1954. Kulikuwa pia na reli iliyopanda kutoka pwani mpaka Nachingwea. Reli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo haipo tena. Basi mji huu, bandari hii, na reli ile iliyokufa, vyote vilizaliwa na karanga.

Sikilizeni ilivyokuwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta. Siagi na mafuta ya kupikia viligawanywa kwa kipimo, kila mtu kidogo kidogo. Mapema mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alifika Tanganyika. Aliona mapori mapana, akaona kwamba karanga zingeweza kulimwa humo kwa mashine na kuwapatia Waingereza mafuta. Akaipelekea Serikali ya Uingereza shauri hilo, na Serikali ikatuma watu watatu waje kutazama.

Andikeni majina yao, kama zoezi la herufi kubwa: John Wakefield, David Martin, John Rosa. Wakefield aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo hapa Tanganyika. Martin alitoka katika kampuni ile ile ya Bwana Samuel. Rosa alikuwa mtu wa fedha kutoka Wizara ya Makoloni. Walikaa kwa muda wa majuma tisa hivi, wakazunguka nchi kubwa, sehemu nyingi wakiziona kutoka katika ndege. Kisha wakaandika taarifa. Walishauri yafunguliwe mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Jumla ni eka 3,210,000. Kama mkulima wa kwetu analima eka tatu, shamba moja tu katika hayo lingewatosha wakulima elfu kumi.

Mashamba 80 katika hayo yangekuwa Tanganyika, na katika 80 hayo, 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini, yaani nchi ambayo leo ni mikoa ya Lindi na Mtwara na majirani zake. Kusini ndiko kulikokuwa kiini cha mpango wote.

Novemba 1946 Waziri wa Chakula wa Uingereza, Bwana John Strachey, alitangaza kwamba Serikali imekubali. Zilitajwa pauni milioni 25. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa kulima eka 150,000. Mwaka 1947 ulipokwisha, zilizokuwa tayari ni kama eka 7,500 tu, nazo zilikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Kwa nini Kongwa, ikiwa kiini kilikuwa Kusini? Kwa sababu reli ya kati ilikuwa karibu na Kongwa, na Kusini hakukuwa na reli wala bandari. Wakaanza mahali palipofikika kwa urahisi, si mahali palipofaa kwa karanga.

Huko Kongwa matrekta yalikutana na mapori ya miiba yenye mizizi iliyovunja majembe ya chuma. Yaletwe matrekta mengine. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mvua ikawa haba. Na udongo, mvua ilipokatika, ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Akina mama mnaolima karanga, ninyi mnajua jambo hili bila kuambiwa: udongo ukishakauka na kukaza, ukivuta mche wa karanga majani hubaki mkononi na karanga hubaki ardhini.

Jambo hilo halikuhitaji profesa. Lilihitaji kumwuliza mtu. Kila mzee wa nchi kavu, akionyeshwa pori pana lisilo na watu, huuliza swali moja kwanza: kwa nini hapa hapakai watu? Wale wageni waliona pori tupu wakafurahi kwamba ardhi ipo. Mwenyeji angeliona pori lile lile akaingiwa na shaka.

Sasa nataka tutue kidogo. Ni rahisi kucheka na kusema, wazungu wale walikuwa wapumbavu. Hawakuwa wapumbavu. Wakefield alijua kilimo. Strachey alikuwa mtu msomi aliyeandika vitabu. Tukisema walikuwa wapumbavu hatutajifunza kitu, maana sisi wenyewe hatujioni kuwa wapumbavu, na kwa hiyo tutadhani hayatatupata.

Tazameni jinsi uamuzi wenyewe ulivyopita. Waliotumwa kuchunguza walikuwa watatu, na mmoja wao alitoka katika kampuni iliyoleta shauri. Wazee wetu husema mwamba ngoma huvutia kwake. Hakuwepo mtu wa nne aliyepewa kazi ya kupinga, kazi ya kusema, "Hebu nionyesheni vipimo vya mvua vya miaka ishirini." Tunayo methali nyingine inayopendwa sana, penye wengi hapaharibiki neno. Nayo ina kweli, lakini isikilizeni vizuri. Wengi wakisema kwa kinywa kimoja, huwa kama mtu mmoja tu aliyerudia neno lake.

Tena kulikuwa na haraka. Wazo la kuanza na shamba dogo la majaribio lilitajwa, likawekwa kando, kwa kuwa majaribio yangekula miaka, na watu wa Uingereza walitaka mafuta mara moja. Mimi naona hapa ndipo palipokuwa na kosa kubwa kuliko yote. Mvua mbili au tatu katika shamba la eka mia chache zingewafunza habari ya udongo ule kwa bei ndogo. Waliruka majaribio ili kuokoa miaka miwili, wakapoteza mitano na fedha zote.

Kisha jambo likawa limekwisha kutangazwa mbele ya Bunge na mbele ya magazeti. Mkubwa akishatangaza, walio chini huona vigumu kumpelekea habari mbaya. Kazi ilipimwa kwa eka zilizofyekwa, si kwa magunia yaliyovunwa, kwa hiyo watu wakafyeka. Mwaka 1948 shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation lilichukua kazi kutoka kwa kampuni. Wakaguzi wa hesabu walipoyatazama mahesabu yake ya mwanzo, walisema vitabu havikuwekwa ipasavyo. Mwaka 1949 ugomvi ulizuka ndani ya bodi ya shirika, na Wakefield mwenyewe, baba wa taarifa, akaondolewa.

Na Kusini? Kusini bandari iliendelea kujengwa na reli iliendelea kutandikwa. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949, wakati ule ule ambapo mpango wote ulikuwa unapunguzwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha. Pauni zaidi ya milioni 36 zilifutwa katika vitabu. Ndiyo maana bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, karanga iliyojengewa hazikuwapo. Lakini bandari haikuwa hasara tupu. Leo ni mlango wa korosho. Nayo Nachingwea, kuanzia mwaka 1965, ikawa kambi kuu ya wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha Frelimo. Historia ina njia zake.

Hapa mwalimu asimamishe somo kwa dakika tano, na darasa lijibu: Ni nani katika kijiji chetu angeulizwa kwanza, kama wageni wangekuja kutaka kulima karanga?

Mmekwisha? Vema. Sasa mtaniuliza, je, watu wakubwa waliokosea katika kuamua wanaweza kujirekebisha, au ni lazima wafukuzwe wote? Mfano ninaoujua vizuri uko mbali, Marekani, lakini unafaa. Aprili 1961 Rais John Kennedy aliruhusu kikosi cha Wakuba waliokimbia nchi yao, kama watu 1,400, washuke katika pwani ya Kuba ili kumwangusha Fidel Castro. Kwa siku tatu kikosi kilivunjika, na zaidi ya watu 1,100 walitekwa. Katika vikao vya kabla ya tukio hilo alikuwamo mshauri mmoja, mwalimu wa historia aitwaye Arthur Schlesinger. Yeye alikuwa na shaka. Alimwandikia Rais akisema shauri hilo ni baya. Lakini katika kikao chenyewe, mbele ya majenerali na mawaziri, alinyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kwake.

Oktoba 1962 likaja jambo la hatari zaidi. Umoja wa Kisovyeti uliweka makombora ya nyuklia huko Kuba. Kennedy aliita baraza dogo, na wengi waliokuwamo ni wale wale wa mwaka uliotangulia. Safari hii alibadili namna ya kukaa. Baadhi ya siku hakuhudhuria, ili watu wasiseme yale wanayodhani Rais anapenda. Baraza liligawanywa katika makundi; kundi hili liliandika shauri lake, kundi lile liliandika la kwake, kisha wakabadilishana karatasi na kila kundi likatafuta makosa ya lingine. Ndugu yake Robert na mshauri mwingine, Theodore Sorensen, walipewa kazi ya kuuliza maswali magumu. Mwanzoni wengi walitaka kupiga Kuba kwa mabomu. Mwishoni walichagua kuzuia meli zisipeleke silaha zaidi, na kuendelea kuzungumza. Siku kumi na tatu zikapita bila vita. Bahati nayo ilisaidia, tusidanganyane. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irving Janis, aliandika kitabu akilinganisha maamuzi hayo mawili, na tangu hapo mambo haya yanafundishwa vyuoni.

Tunarudi kwetu, na hapa tuseme bila kuoneana haya, maana makosa ya namna hii si ya Waingereza na Wamarekani peke yao. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba watu wote wawe wamehamia kabla mwaka 1976 haujaisha. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji haviwezi kumfuata kila mtu porini. Nazo shule nyingi zilipatikana. Lakini katika nchi ya korosho, mti hauhami na mtu. Watu waliwekwa mbali na mikorosho yao, pori likaota chini yake, na nyingi zikatelekezwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Msimu wa 1986/87 zilishuka mpaka karibu tani 17,000. Kuhama si sababu ya pekee. Bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga uliishambulia mikorosho. Hata hivyo mkulima yeyote wa Newala au Tandahimba angeweza kuuliza mapema, "Na mikorosho yangu je?" Amri yenye tarehe ya mwisho haina nafasi ya swali kama hilo.

Nasema Newala kwa makusudi. Wamakonde wa uwanda ule hawakuwa na mfalme. Kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, naye hakuweza kuwatawala watu kwa nguvu tupu, maana asiyeridhika aliweza kuchukua jamaa zake akaenda kuanzisha makazi mengine. Mkulungwa mwenye akili alisikiliza manung'uniko kabla hayajafunga mizigo. Siku hizi mtu hawezi kuhama kila anapokasirika, kwa hiyo yampasa apate mahali pa kunung'unika ndani ya kikao.

Asipopapata, hunung'unika barabarani. Karibu na mdomo wa mto Ruvuma, huko Mnazi Bay, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Miaka thelathini baadaye ilipoanza kazi ya kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wengi wa Mtwara waliona kwamba jambo limeamuliwa bila wao. Desemba 2012 waliandamana. Mwaka 2013 zikatokea fujo, mali ziliharibiwa, na watu walipoteza maisha. Bomba lilijengwa, na mwaka 2015 lilizinduliwa. Sisemi kwamba halikupaswa kujengwa. Gesi ni ya nchi nzima. Nasema kwamba maelezo yanayotolewa baada ya uamuzi huonekana kama kubembelezwa, hata yakiwa ya kweli.

Lakini iko habari nyingine ya Kusini, na hii napenda kuisimulia. Karibu na mji wa Mtwara kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Hapo ndipo wataalamu walipojaribu unga wa salfa juu ya mikorosho yenye ubwiri unga, kwanza kwa miti michache, wakalinganisha mti uliopuliziwa na usiopuliziwa, ndipo wakulima wakafundishwa. Korosho zilirudi, na msimu wa 2017/18 zilipita tani 300,000. Kituo hicho hicho kimefanya kazi ya karanga pia. Kimetoa mbegu zilizojaribiwa katika mashamba, zenye majina kama Pendo, Mangaka, Masasi na Nachingwea. Ndiyo, Nachingwea. Karanga zimerudi kule kule, safari hii zikianzia katika vijishamba vidogo.

Sasa kamati yako wewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema halmashauri ya kijiji iwe na watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote, ukutane kila miezi mitatu. Sheria hiyo haisemi jinsi ya kupata shaka ya mtu aliyenyamaza. Hiyo ni kazi ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akianza kikao kwa kusema, "Mimi naona kisima kichimbwe kwa Mzee fulani, ninyi mwasemaje?", kikao kimekwisha. Waliobaki watasema, "Ni kweli, mwenyekiti." Aseme mwisho. Aanze na mdogo, au na mama aliyeketi nyuma karibu na mlango, maana yeye ndiye anayekwenda kuteka maji alfajiri. Ateue mtu mmoja, kila kikao mtu mwingine, awe mpinzani kwa siku hiyo. Ateuliwe waziwazi, watu wote wakijua, ili asionekane mkorofi wala adui wa mtu. Tuseme jina la kazi yake ni mwuliza shaka. Na kabla kamati haijapeleka fedha zote katika jambo moja, iulizane: Je, tunaweza kulijaribu kidogo kwanza? Tutajuaje kwamba limeshindwa? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Katika habari ya karanga hakuna aliyekuwa ameandika mapema, "Tukivuna chini ya kiasi hiki tutasimama." Kwa hiyo hawakujua pa kusimama.

Tena katibu aandike sababu, si uamuzi peke yake. Ninyi mnaojifunza kuandika mnafaa sana kwa kazi hii. Daftari lenye maneno "Tumeamua kujenga darasa" halisaidii mtu. Daftari lenye maneno "Tumeamua kujenga darasa kabla ya choo, kwa sababu tumeambiwa mabati yataletwa mwezi wa nane, Mama mmoja alisema mabati hayatakuja" litawasaidia sana mwezi wa tisa, mabati yatakapokuwa hayajaonekana. Mtarudi katika ukurasa ule, mtaona nani alisema nini, na safari ijayo mtamsikiliza yule mama.

Wapo watakaosema kwamba njia hii inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha. Saa moja zaidi chini ya mwembe, pengine kikao cha pili. Kuna mambo yasiyongoja: moto, mafuriko ya Ruvuma, kipindupindu. Hapo mwenyekiti aamue na aelezwe baadaye alipokosea. Lakini darasa, kisima, ghala la korosho na mpaka wa shamba hayakimbii.

Kazi ya juma hili ni hii. Kwanza, soma tena sehemu ya watu watatu, na uandike kwa sentensi mbili jambo ambalo mtu wa nne angeuliza. Pili, chagua uamuzi mmoja wa kamati yako wa mwaka huu, tafuta katika daftari la katibu sababu zake, uzinakili. Kama hazimo, mwulize katibu, na mwandike pamoja. Tatu, darasa lote lichague mwuliza shaka wa somo lijalo, aje na maswali matatu juu ya haya niliyosema leo. Mwalimu atayakusanya.

Kwaherini.